Betri za taa kwa boti ya dagaa: N70, N100, betri kavu na lithiamu baada ya miezi kumi na minne Mikindani

Boti yangu ni ya faiba, urefu wake ni mita tisa, hulala Mikindani na huvua dagaa kwa taa katika maji yaliyo kati ya hapo na Msangamkuu. Katika miezi kumi na minne iliyopita taa zake zimewashwa kwa betri nne za aina tofauti, tatu nilizozinunua kwa fedha yangu na moja niliyoazimwa na mwenzangu kwa giza moja zima, yaani siku zote za kuvua kati ya mbalamwezi mbili. Tathmini hii inahusu betri hizo nne pamoja na maduka mawili ya Mtwara mjini nilikonunua. Sitayataja maduka kwa majina, kwa sababu moja kati yake halikunitendea haki na ningependa kulieleza jambo hilo bila kugombana na mtu.

Nianze na kilichoniulia betri ya kwanza, kwani ndicho kipimo nilichokitumia kuzihukumu zote zilizofuata. Wavuvi tumezoea kumuuliza muuzaji betri itawasha taa kwa saa ngapi, kana kwamba hatari iko baharini. Kwa uzoefu wangu betri ya dagaa hufia nchi kavu, katika siku za mbalamwezi. Mwezi unapokaribia kujaa bahari yote hupata mwanga, dagaa hawakusanyiki tena chini ya taa, na boti hupumzika kwa siku saba hadi kumi. Usiku wa mwisho wa giza vijana hushusha nyavu, hushusha mashine, huiweka betri bandani ikiwa nusu tupu kama ilivyotoka baharini, na hakuna anayeikumbuka hadi giza lirudi. Betri ya risasi na tindikali inapokaa bila chaji, salfeti ya risasi iliyojengeka juu ya sahani zake hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena, na kila sehemu ya sahani iliyofunikwa na fuwele hizo ni sehemu iliyokwisha kufanya kazi. Joto huongeza madhara. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu, na banda la bati la Mikindani mwezi wa Januari lina joto la kuivisha mkate.

Betri ya kwanza ilikuwa N70 ya maji, betri ya gari ya kawaida, niliyoilipia shilingi 240,000. Niliichagua kwa sababu kila mtu pwani anayo na kwa sababu bei yake haikuniumiza. Betri ya gari imeundwa kwa kazi moja, nayo ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha kurudishiwa umeme huo na altaneta wakati gari linatembea. Kwa ajili hiyo hujazwa sahani nyingi nyembamba. Ukiikamua polepole usiku kucha hadi iishe, sahani hizo hulika haraka na unga wake hudondoka chini ya boksi, na kosa hilo ukilirudia mara kadhaa betri haitakuwa tena ile uliyoinunua.

Miezi mitatu ya mwanzo haikuonyesha dosari yoyote. Mwezi wa nne nilianza kuona kwamba asubuhi baada ya kuchaji mita inasoma volti 12.7, ambayo ndiyo alama ya betri iliyojaa na kutulia, lakini ukiwasha taa tatu tu husoma 11.8 kabla ya saa mbili kwisha. Mwezi wa tano, usiku wa kusi, saa tisa, taa zilianza kufifia na kupepesa wakati nyavu zilikuwa tayari zimepakiwa. Nahodha wangu, ambaye ni mpwa wangu, aligeuza ufunguo wa mashine na kilichosikika ni mlio mmoja mdogo kisha kimya. "Mjomba, hii imekufa," alisema, "tushike kamba." Tulipokezana watu watatu kuivuta kamba ya mashine hadi ikawaka, huku boti ikiyumba ubavu kwa mawimbi. Hapo nililipa gharama ya makosa mawili kwa pamoja: betri isiyo ya kazi hiyo, na betri moja kubebeshwa taa na mashine. Tangu usiku ule mashine ina N50 yake ndogo isiyoguswa na kitu kingine chochote, na kwa kazi ya kuwasha mashine betri ya gari inafaa kabisa. Sina lawama nayo.

Kabla ya kununua ya pili nilikaa chini nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga tangu mwanzo. Taa zangu za LED ni nne za wati 20, jumla wati 80, ambazo kwa volti 12 zinakula karibu ampea 6.7. Kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi, hivyo usiku mmoja unahitaji takriban ampea-saa 67, yaani ampea mara saa. GPS ni jambo dogo, na redio ya VHF hula kidogo ikiwa inasikiliza tu, ingawa ukibonyeza kuzungumza kwa nguvu kamili ya wati 25 huvuta ampea tano au sita kwa muda huo. Betri ya risasi, ukitaka idumu, isishuke chini ya nusu. Kwa hiyo taa nne zilihitaji betri ya ampea-saa 130 na zaidi, na N100, ambayo ni ya ampea-saa 100, isingezitosheleza. Nahodha alipendekeza jambo la busara kuliko la kununua betri kubwa: tuanze na taa tatu, ya nne iwashwe pale tu dagaa wanapoonekana kuja. Taa tatu kwa saa kumi ni ampea-saa 50, nusu kamili ya N100. Samaki hawakupungua kwa kiasi ambacho ningeweza kukiona kwenye ndoo.

N100 niliyoinunua ni ya maji, ya aina inayouzwa kwa ajili ya sola, yenye sahani nene na vifuniko sita vinavyofunguka, kwa shilingi 390,000. Ina uzito wa karibu kilo 28, na safari yake ya kilomita kumi kutoka Mtwara hadi Mikindani kwa bodaboda iligharimu suruali moja ya dereva, kwa kuwa tuliilaza kidogo ili ikae vizuri na tindikali ikachuruzika kwenye vifuniko. Betri ya maji isafirishwe ikiwa imesimama wima, na kama usafiri hauwezi kuisimamisha, usubiri gari.

Huu ni mwezi wake wa tisa na bado ninaitegemea. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba betri hii husema ukweli ukiiuliza. Ninafungua kifuniko kimoja kimoja na kuingiza haidromita, kile kipimo cha kioo chenye boya ndani, na kuona hali ya kila chumba peke yake. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265, na chumba kikianza kubaki nyuma ya wenzake ninakijua wiki kadhaa kabla ya taa kufifia. Mwezi wa sita chumba cha tatu kilisoma chini ya vingine kwa tofauti ya kutia wasiwasi. Nilikiongezea maji ya betri yaliyosafishwa, nikaiacha ichajiwe kwa volti za juu kidogo kwa saa kadhaa katika siku za mbalamwezi, na tofauti ikapungua. Niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba ningeongeza tindikali, na ushauri huo nauona kuwa ndio unaoua betri nyingi za mtaani, kwa sababu kinachopotea ndani ya betri kwa kuchemka ni maji. Tindikali hubaki, na kuiongeza ni kuizidisha ukali hadi izile sahani zenyewe. Maji ya kisima nayo yasiguse betri, hasa visima vyetu vya pwani ambavyo hata chai huionyesha chumvi.

Kasoro zake ni za kweli. Inataka kutazamwa kila wiki mbili, na nahodha asiye na subira ataisahau. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo haipaswi kuchajiwa chumbani wanamolala watu wala karibu na jiko. Na katika boti hatari yake kubwa ni kuwekwa kwenye ngama, pale chini ya boti maji yanapokusanyika, kwa kuwa maji ya bahari yakiingia na kukutana na tindikali hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Ya kwangu imefungwa kwa mikanda ndani ya boksi la plastiki lenye matundu upande wa juu, juu ya ubao, karibu na tezi, yaani nyuma ya boti.

Betri kavu, ya tatu, niliinunua kwa matumaini makubwa kuliko zote. Ni ya aina ya AGM, ampea-saa 100, ambayo tindikali yake imenywewa na vitambaa vya nyuzi za kioo kati ya sahani, hivyo haimwagiki hata boti ikilala ubavu, haiongezwi maji, na inavumilia mtikisiko wa mawimbi vizuri kuliko ya maji. Niliilipia shilingi 520,000. Katika maji yenye mawimbi ya kusi ilifanya kazi bila kasoro, na ikiachwa imejaa hupoteza chaji polepole kuliko ya maji, jambo ambalo katika siku za mbalamwezi ni faida kubwa. Kama hadithi ingeishia hapo ningeipendekeza kwa kila mtu.

Tatizo lilikuwa chaja. Mwezi mmoja wa mawingu sola haikutosha, nikampelekea betri fundi wa kuchaji ambaye chaja yake, ya kizamani, haina kikomo na husukuma hadi volti 16 bila kujali kilichounganishwa. Betri ya maji ikipewa chaji hiyo huchemka, hupoteza maji, na maji huongezwa. Betri kavu ikichemka, mvuke hutoka kwenye valvu na hakuna mlango wa kuurudishia. Baada ya safari tatu kwa fundi huyo ubavu wa boksi ulikuwa umevimba kama chapati inayoumuka, na uwezo wake ukawa karibu nusu ya ule wa mwanzo. Simlaumu fundi, kwani sikumwambia ni betri gani na yeye hakuuliza. Yeyote anayefikiria kununua betri kavu anunue siku hiyohiyo chaja au kontrola ya sola yenye chaguo la AGM, isiyopita volti 14.4 au 14.7 kadiri mtengenezaji alivyoandika kwenye boksi, na asiipeleke popote pengine.

Ya nne ilikuwa ya lithiamu, aina ya fosfeti ya chuma, ampea-saa 100, ya mwenzangu aliyeniazima kwa giza moja. Nilipoibeba kwa mkono mmoja kutoka bandani hadi botini nilidhani nimepewa boksi tupu. Uzito wake ni kilo kumi na mbili. Inaruhusu kutumiwa hadi asilimia 80 au 90 bila madhara, hivyo taa zote nne ziliwaka hadi alfajiri, na mwanga wa saa kumi usiku ulikuwa sawa na wa saa moja. Na kwa kipimo changu cha siku za mbalamwezi ndiyo inayoshinda zote, maana betri hii haina salfeti na haipendi hata kuwekwa ikiwa imejaa. Ukiiacha nusu kwa siku kumi umeitendea vyema.

Hata hivyo sikuinunua, na si kwa sababu ya bei peke yake, ingawa shilingi milioni moja na nusu aliyoilipa mwenzangu ni fedha za mtu aliyevua vizuri. Betri ya risasi hukuonya: taa hufifia, mita hushuka, nawe unajua kwamba una saa moja ya kurudi. Ya lithiamu hushikilia volti zake karibu palepale hadi mwisho, kisha saketi ya ulinzi iliyo ndani hukata umeme wote kwa mara moja, na usiku mmoja tulijikuta gizani ghafla bila hata ya kuona nyavu ziko upande gani. Mita ya volti haisaidii hapo. Inahitajika mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Isitoshe, haifai kuunganishwa moja kwa moja na chaji ya mashine bila kifaa cha kuidhibiti, na ikiharibika hakuna fundi ninayemjua hapa Mtwara ambaye ataifungua na kuirudisha ikiwa hai. Kwa mwenye boti kadhaa na mtu wa kusimamia vifaa ninaona faida yake. Kwa boti moja kama yangu, bado.

Sasa maduka. Lile la kwanza, kubwa na lenye kiyoyozi, ndilo lililoniuzia N70. Muuzaji hakuniuliza betri ni ya kazi gani. Aliniuliza nina kiasi gani. Iliposhindwa katika mwezi wa tano niliirudisha nikiwa na waranti ya miezi sita mkononi. Kijana wa kaunta aliigeuza karatasi na kuweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Kaka, soma nyuma." Kwa herufi ndogo palikuwa pameandikwa kwamba waranti haihusu vyombo vya majini. Hilo ni kosa langu la kutosoma, nalikubali. Lisilokuwa langu ni lile nililoligundua nilipoifuta betri vumbi nyumbani: alama ya tarehe iliyogongwa kwenye boksi ilionyesha kwamba siku niliyoinunua ilikuwa imekwisha kukaa karibu miaka miwili tangu itengenezwe. Hapa kwetu jambo hili lina msimu wake. Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na fedha kuingia vijijini, maduka hujaza betri za sola na za magari. Zisizouzwa hubaki rafuni hadi msimu unaofuata, zikipungua chaji polepole bila mtu wa kuzichaji, yaani zikiugua ugonjwa uleule wa siku za mbalamwezi kabla hujazinunua.

Duka la pili ni dogo, lina mzee mmoja na kijana wake, na nililiingia nikiwa nimekwisha kuamua kununua N200. Baada ya kuitikia shikamoo yangu mzee aliniuliza paneli yangu ni ya wati ngapi. Nilimwambia 200. Akaniambia kwa utulivu kwamba paneli hiyo ikipata jua zuri kwa muda wa saa tano itatoa takriban ampea-saa 55, ambazo zinatosha kurudisha matumizi ya usiku mmoja wa taa tatu, na kwamba N200 ikishakamuliwa na taa zote nne isingewahi kujaa hata siku moja. "Betri isiyoshiba huzeeka kijana," alisema, na akaniuzia ile N100, ya bei ndogo zaidi. Sijakutana na muuzaji mwingine aliyenipunguzia bili kwa hiari yake.

Alikubali pia kila kipimo nilichoomba. Tulisoma tarehe kwenye boksi. Tulipima volti kabla ya kuichaji, na betri mbili zilizosoma chini ya 12.4 alizirudisha nyuma yeye mwenyewe. Kisha tuliunganisha balbu ya taa ya gari ya wati 55 kwa dakika kumi na tano, tukaitazama mita: moja ilishuka hadi 12.0 na kuendelea kushuka, nyingine ikatulia kwenye 12.5, na hiyo ndiyo niliyoichukua. Alinipa risiti ya EFD na kuandika juu yake, kwa mkono, kwamba itatumika kwenye boti. Upungufu wa duka hili ni kwamba mzigo ni mchache na mara nyingi unaambiwa usubiri wiki mbili, na bei yake ilizidi ya duka kubwa kwa shilingi 20,000.

Mengine ni madogo lakini yameokoa fedha. Nyaya nyembamba za spika ambazo vijana walikuwa wamezitumia zilikuwa zinapoteza karibu volti moja kabla ya umeme kufika kwenye taa ya omo, yaani ya mbele. Nilipoweka nyaya nene mwanga uliongezeka bila betri kubadilishwa. Fyuzi iwe karibu na kichwa chanya cha betri. Vichwa vyenyewe huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kila ukungu wa kijani unapotokea, hukaushwa, kisha hupakwa grisi.

N70 iliyokufa niliiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa uzito wake, tindikali ikiwa ndani, kwa sababu sikutaka kuimwaga ufukweni wanapoanikia dagaa. Betri kavu iliyovimba sasa inawasha taa moja ya bandani. N100 hukaa chini ya kivuli cha makuti, imeunganishwa na paneli iliyo juu ya paa la banda, na katika siku za mbalamwezi zilizopita ilikaa siku tisa ikisoma 12.7 kila asubuhi. Nimekwisha kumwagiza mzee N100 ya pili na paneli nyingine ya wati 200 ili taa ya nne iwake usiku kucha. Ameahidi mzigo mpya kabla ya minada ya korosho, na nitakwenda na mita yangu na balbu yangu.